Stuli ya Ishirini na Moja

Mke wangu husema nikifa nisisumbuliwe kupelekwa mbali, nizikwe papa hapa chini ya kiti changu cha barazani, maana hapo ndipo nilipoishi. Sikatai. Kwa hiyo siku nilipovaa koti na kutangaza kwamba nakwenda Kithimani kumzika Mwalimu Kyalo, Mueni aliuweka chini ungo wa maharagwe akaniangalia kama mtu aliyesikia ng'ombe akisalimia. "Kithimani?" akasema. "Na utalala wapi?" Nikamwambia silali, jioni nitakuwa nyumbani. "Aa," akasema, akauchukua ungo wake. "Basi bado ni wewe. Nilidhani nimeamka na bwana wa mtu mwingine." Sikumwambia kwamba safari hiyo ilinitisha kwa sababu isiyohusu kitanda. Mimi na Kyalo tulifundisha chuo kimoja, na kwa mwaka mmoja tulifundisha darasa moja, bega kwa bega, mbele ya wanafunzi wale wale. Kuna jambo alilolijua juu yangu mwaka huo na hakumwambia mtu. Sasa alikuwa amekufa nalo, na mtu angedhani ningepata nafuu. Sikupata.

Baada ya mazishi watu walielekezwa kwenye mahema ya chakula. Sisi walimu wa zamani tulitengewa meza yenye kitambaa cheupe na soda, na mimi, kama ilivyo desturi yangu nikiwa ugenini, nikaanza kutafuta choo kabla sijajua kama nakihitaji. Nikazunguka nyumba nikatokea jikoni: mabati manne juu ya miti, masufuria matatu makubwa ya kumwogeshea mtoto, moshi, na akina mama wakichota muthokoi, mahindi ya kukobolewa na mbaazi, kwa sahani. Aliyekuwa akiwaamrisha alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, leso kiunoni, mwiko mkononi kama kasia. Akaniona, akauacha mwiko ndani ya sufuria. "Mwalimu Mutua!" akasema. "Habari ya miaka mingi?" Nilimjua kwa mikono kabla ya uso: Ndinda. Akawageukia wenzake. "Nyinyi mnajua huyu? Huyu alikuwa mwalimu wangu wa cherehani, kule Machakos. Mimi nilikuwa msichana wake wa jikoni." Wakacheka, wakadhani ni mzaha. Nikacheka nao, lakini kicheko kikafika nusu ya koo kikakaa hapo, kwa sababu maneno hayo, msichana wa jikoni, yalitoka kinywani mwangu mimi, mara moja tu katika maisha yangu, ndani ya ofisi ambayo niliamini kwa miaka zaidi ya ishirini kwamba Ndinda hakuwa karibu nayo.

Wacha niseme jambo lenyewe mapema, maana nimelizunguka miaka mingi na kuzunguka hakujalipunguza. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja aliyekuwa anazama. Chuo chetu kililetewa njia ya kumwokoa, ikapelekwa hadi mlangoni kwangu, bure, na wenzangu wanne wameishika. Nami nikaitumia njia ile ile kumficha.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, katika chuo kidogo cha ufundi nje ya mji wa Machakos, vilima vikianza nyuma ya karakana ya chuma. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, cheti cha kidato cha nne ambacho alama zake nilikuwa nazisoma nikiwa peke yangu, na gredi za ushonaji nilizozipata kwa jasho halali. Chumba cha walimu kilikuwa kimewahi kuwa ghala la mahindi, na ukiegemea ukuta unga wa fukusi ulikubakia begani. Kila mwalimu alikuwa na kikombe chake, kabati lake, kufuli lake na wanafunzi wake, na kuingia darasa la mwenzako ilikuwa kama kufunua sufuria ya jirani. Saa nne tulikunywa chai pamoja tukazungumza kila kitu duniani isipokuwa kufundisha. Saa kumi na moja jioni mimi nilikuwa wa kwanza langoni. Kyalo, ambaye alifundisha hesabu na uchoraji kwa idara zote, alikuwa akisimama mlangoni na kuwatangazia wengine, "Ni saa kumi na moja! Kuku wa kienyeji anatafuta kiota!" Walicheka kila siku, kicheko kile kile, na mimi nilitembea nikipungia mkono bila kugeuka. Sikuwa na haya ya kupenda nyumbani. Haya ilikuja baadaye, kwa sababu nyingine, ingawa kiota hicho kilihusika.

Januari mwaka huo akaletwa Madam Syombua kutoka chuo cha kufunza walimu, na mkoba wa karatasi za manila na kalamu nene. Wiki mbili kabla wanafunzi hawajafungua, alituketisha kwenye ghala letu atufundishe kufundisha. Tulikuja tumenuna. Mwalimu wa useremala alisema kwa sauti ya kusikika kwamba yeye hufundisha mbao na mbao hazijalalamika. Madam alituuliza, "Kwenu mashamba ya mlimani mlichimbaje matuta? Kila mtu na lake?" Tukajibu kama watoto wa shule: "Mwethya!" Kila mtu pale alikuwa amebebeshwa jembe na mama yake kwenda mwethya, kulima kwa Fulani leo ili kesho kikundi kizima kije kulima kwenu. "Sasa," akasema Madam, "mnalimiana mashamba. Mbona hamlimiani madarasa?" Hata fukusi walinyamaza.

Mpango wake ulikuwa rahisi kueleza na mgumu kuumeza. Kila Alhamisi asubuhi walimu wanne wangeingia darasa la mwenzao. Mmoja angefundisha pamoja na mwenye darasa, wale wengine wangeketi kando ya wanafunzi, si kumwangalia mwalimu bali kuangalia nani amekwama na wapi. Baadaye tungekutana na kuandika majina kwenye manila: jina, mahali alipokwama, na nani atamshika mkono. Hatukuruhusiwa kumwambia mwanafunzi "umekosea." Tulitakiwa kuuliza, "Umefikaje hapo?" Tulifanya mazoezi sisi kwa sisi. Mimi niliwekwa kuwa mwanafunzi asiyejua kugawanya, Kyalo akiwa mwalimu, na nilipomaliza walipiga makofi, wakasema Mutua ameigiza vizuri mno. Sikuwa naigiza. Kyalo peke yake hakupiga makofi, aliniangalia tu, kisha akanisogezea kikombe changu cha chai. Na siku ya mwisho Madam akatupa sheria moja, akasema zile nyingine tukisahau tusisahau hiyo: "Mwethya ukija kwako, waonyeshe penye mawe. Penye udongo laini utalima mwenyewe."

Tukaongeza desturi ambayo Madam hakuifundisha. Mtu hawezi kuita mwethya na asipikie watu, hata mbuzi wa jirani watamcheka. Basi mwalimu mwenye zamu ya Alhamisi akawa analeta mbaazi na mahindi ya kukobolewa, na kwa kuwa mpishi wa chuo alikuwa mama mmoja tu mwenye mgongo mbovu, mwenye zamu alituma mwanafunzi wake mmoja au wawili wamsaidie. Hakuna aliyeona ubaya. Hata mimi sikuuona mwanzoni.

Sasa Ndinda. Alitoka Ekalakala, akakaa kwa shangazi yake mjini, miaka kumi na tisa, mrefu, mnyamavu, ana tabia ya kuketi stuli ya mwisho karibu na dirisha. Jicho lake lilikuwa la ajabu. Ungeweza kumpitisha mtu mbele yake mara moja akakwambia gauni lake litakuwa na upana gani, akionyesha kwa mikono, na ukipima ukute ni kweli. Lakini tepu ilikuwa adui yake. Namba kubwa alizisoma. Ile mistari midogo katikati ya inchi na inchi ilimshinda. Kwa Ndinda kila mstari mdogo ulikuwa nusu. Robo ilikuwa nusu, thumuni tatu, yaani sehemu tatu za nane, ilikuwa nusu. Na kitambaa hukatwa kikiwa kimekunjwa, kwa hiyo kosa la thumuni likifunguliwa ni robo, na mkono wa blauzi uliokosewa robo hauketi begani hata uuombee. Mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani wa gredi, na mtihani huo haukumletea mtu wa kumtazama. Ulimletea karatasi yenye vipimo. Bila cheti kile shangazi yake alikuwa amesema wazi kwamba hatamlisha mwaka wa pili. Niliyajua yote hayo kufikia Machi. Mawe yangu nilikuwa nayajua kwa jina.

Kilichonifanya niyafunike ni ukuta wa mbao. Kati ya ghala letu na ofisi ya mkuu wa chuo kulikuwa na ukuta wa mbao zilizoachana, na mtu akinywa chai taratibu alipata habari zote za ofisi. Siku moja ya Aprili nilikuwa nakunywa taratibu. Nikamsikia mkuu akimwambia Madam, "Tunafungua tawi kule Ekalakala. Itabidi mwalimu mmoja ahamie huko. Hii mwethya yenu ikiisha tutajua ni nani." Nikaweka kikombe chini. Ekalakala! Jua, vumbi, chumba cha kukodi, kitanda cha mtu mwingine, na Mueni ambaye tulikuwa tumeoana miezi mitano tu. Nilijiambia bila hata kufikiri kwamba atakayepelekwa ni yule ambaye darasa lake limeonekana bovu. Msichana alikuwa ametoka Ekalakala peke yake, na sanduku la bati, akaja kwangu ajifunze. Na mimi mwanamume mzima nilikuwa tayari kumzamisha ili nisiende alikotoka.

Alhamisi yangu ya kwanza nilimtuma jikoni, na naapa mara hiyo ilikuwa kweli kwa ajili ya mbaazi. Alijua kupika, nami nilitaka wageni wangu washibe. Somo lilienda kama maji. Kyalo alifundisha nami kugawanya mzunguko wa kiuno, wenzetu wakakaa kando ya wasichana wakiuliza "umefikaje hapo," na kila msichana alikuwa amefika vizuri. Saa saba tukala muthokoi ambao ulimfanya mwalimu wa useremala afunge macho. Mkuu akasema darasa la ushonaji ndilo mfano. Hapo ndipo nilipoona jinsi ilivyo rahisi. Alhamisi yangu ya pili nilimwita Ndinda kabla kengele haijalia. "Nenda ukasaidie jikoni," nikamwambia. Akasimama, akakunja tepu yake polepole, akasema, "Na somo, Mwalimu?" Nikamwambia atanakili kwa wenzake. Ya tatu hakuuliza. Ya nne nilipoingia mlangoni alikuwa ameshasimama.

Kyalo alikuwa mtu wa kuhesabu, huwezi kumfundisha mtu wa hesabu asihesabu. Tukikusanya vifaa akaniambia kwa upole, "Mutua, stuli ni ishirini na moja. Watu ni ishirini."

"Mmoja yuko jikoni," nikasema.

"Mwezi uliopita pia alikuwa jikoni?"

"Ni zamu, bwana."

"Zamu ya mtu mmoja?"

"Kwani umekula vibaya?" nikamuuliza, na wengine wakacheka, na huo ndio ulikuwa ukubwa wa akili yangu wakati huo: kumfunga mtu mdomo kwa muthokoi. Kwenye kikao cha manila mwalimu wa useremala, yule yule wa mbao zisizolalamika, alisimama akakiri kwamba wanafunzi wake sita hawajui kusoma pembe, na kwamba yeye mwenyewe huwapigia mistari kisirisiri. Uso wake ulikuwa mwekundu kama udongo wa vilima vya Mua. Nilimnong'oneza jirani yangu, "Huyu ameenda Ekalakala," nikacheka. Madam alimwandikia Kyalo saa mbili za ziada kila wiki kwa wale sita. Kisha akanigeukia. "Na ushonaji? Nani amekwama?" Nikataja mmoja ambaye mshono wake hupinda na mwingine ambaye huchelewa asubuhi. Kalamu yake ikabaki hewani. "Hao tu?" akauliza. "Hao tu, Madam." Ninaposema leo kwamba nilidanganya, watu hudhani nilisema jambo refu. Yalikuwa maneno mawili.

Kyalo hakukubali stuli tupu. Ilikuwa Alhamisi yangu mojawapo mnamo Julai, baridi, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati. Somo liliisha mapema, nikaenda jikoni kuona kama chakula kimeiva, na kabla sijafika nikasikia sauti. Nikasimama nyuma ya ukuta, pale kuni zilipopangwa. Kyalo alikuwa ameketi juu ya debe, Ndinda mbele yake, na kati yao ukanda wa karatasi waliouchana kutoka kwenye karatasi ya mkate.

"Tuseme hii yote ni inchi moja," Kyalo alikuwa akisema. "Kubwa, ya jitu. Ikunje mara moja. Umepata nini?"

"Nusu."

"Ikunje tena."

Nilisikia kuni zikilia motoni. Halafu Ndinda akasema, taratibu sana, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, "Hii ni... nusu ya nusu. Kwa hivyo mstari ule wa pili si nusu."

"Unaitwa nani?"

"Robo," akasema, na akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Miezi saba darasani kwangu. "Aiya, Mwalimu! Robo! Na ile midogo zaidi?"

"Hiyo tunaikunja zamu ijayo. Sasa koroga, inaungua."

Mwalimu wa kweli angeingia pale akaketi juu ya debe la pili. Mimi nilisikia uso ukiwaka. Nilimngoja Kyalo nje, nikampeleka kando ya tangi la maji, na nikamwambia kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo watu waoga huitumia wakidhani ni ya heshima, kwamba kwenye mwethya watu hulima alipowaonyesha mwenye shamba. Hawamfuati jikoni kufunua vyungu. Nikamwambia Ndinda ni mwanafunzi wangu, na kama yeye Kyalo ana shida na ufundishaji wangu aende kwa mkuu aseme. Nilijua hataenda. Kyalo aliniangalia muda mrefu, vile vile alivyoniangalia siku niliyoigiza mjinga wa kugawanya. "Mutua," akasema, "unaogopa nini?" Ningemwambia naogopa Ekalakala angecheka, halafu angenisaidia, na hadithi hii isingekuwepo. Akafuta mikono yake kwa koti. "Nisamehe, mwenye shamba," akasema. Zamu iliyofuata hakurudi jikoni. Wala hakuniita tena kuku wa kienyeji, na mtu asidhani hiyo ilikuwa nafuu. Nilitembea hadi langoni kila saa kumi na moja nikingojea kelele zake mgongoni, na hazikuja.

Mtihani wa gredi ulikuwa Novemba, ukumbini, mashine zimepangwa safu mbili. Sisi wenye madarasa hatukuruhusiwa kuwakaribia wanafunzi, tulisimama mlangoni. Nilimwona Ndinda akiitandaza karatasi ya kaki, akiishika tepu, akisogeza midomo. Mara kwa mara aliinua kichwa akaniangalia. Nilidhani anaomba jibu, nikaangalia dari. Matokeo yalipofika mkuu aliniita ofisini, uso wake umejaa tabasamu. "Ishirini kati ya ishirini na moja, Mutua! Hakuna idara iliyofika hapo. Na huyu mmoja ni nani?" Alikuwa ameshika kalamu, pengine angeandika jina, pengine angeuliza tumfanyie nini arudie. Nikasema, "Huyo? Ah, huyo si wa kuhesabu sana. Huyo ni msichana wa jikoni." Mkuu akacheka, nami nikacheka, na kalamu ikarudi mfukoni. Nilipotoka niliona trei ya chai imewekwa kwenye kizingiti cha dirisha la ofisi, vikombe viwili, maziwa yameshafanya utando juu. Nilijiambia ni mpishi aliyeisahau. Mpishi alikuwa na mgongo mbovu, hakuwahi kubeba trei siku moja katika maisha yake chuoni, na nilijua hivyo. Ndinda hakuonekana tena. Walisema shangazi amemtafutia kazi katika hoteli Kithimani.

Mungu naye ana utani wake. Wiki ile ile mkuu alinieleza kwamba tawi la Ekalakala lilihitaji mwalimu bora, wa kuwafundisha wengine njia ya mwethya, na kwamba baada ya mwaka mzima wa kutazama kila mtu alikubali ni mimi. Mwalimu bora! Walikuwa wakimtafuta aliye mbele, mimi nikadhani wanamtafuta wa nyuma. Ningemwonyesha Madam mawe yangu ningebaki nyumbani na Ndinda angebaki darasani. Nilipata maumivu ya mgongo siku hiyo hiyo, makali, na daktari wake alikuwa mimi. Kyalo akaenda badala yangu. Alikaa huko miaka minne, mbali na watoto wake, na aliporudi alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za mgongo. Tulifundisha pamoja tena miaka mingi baada ya hapo, tukala sahani moja, tukachangiana harusi za watoto. Nilikuwa na nafasi labda elfu moja za kusema neno moja. Kila mara nilijiambia ngoja kesho, leo tunakula.

Basi hapo jikoni kwa marehemu Kyalo, kaburi likiwa bado bichi, nikasimama na kicheko changu kilichokwama. Akina mama walichukua masinia wakaenda kwenye mahema, tukabaki wawili. Ndinda alirudisha mkono kwenye mwiko. Alinieleza kwamba sasa hupika kazi kubwa tu, harusi na matanga, kuanzia Matuu hadi Kithimani, na mke wa Kyalo alikuwa mteja wake. Alisema haya bila kujisifu. Nikamwambia, "Ndinda, ile siku ya ofisini..."

"Chai ilipoa," akasema. "Ilikuwa chai nzuri. Niliweka tangawizi."

Nikamwambia nilikosa. Nikamwambia nilikuwa nikimtuma jikoni ili wasimwone. Nilidhani nafichua siri.

"Mwalimu," akasema, na sasa alikuwa akitabasamu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, "kwani wewe unafikiri mtu anaitwa kuchambua mbaazi mara nane na hajui ni nini? Kuna mara moja hata mbaazi hazikuwepo. Nilipanga kuni." Akaonja mchuzi kwa ncha ya ulimi. "Mwalimu Kyalo alinifunza hadi robo. Thumuni hatukufika. Na mkono wa blauzi wa mtihani ulikuwa na thumuni tatu, nakumbuka mpaka leo. Nilikuwa nakuangalia pale mlangoni. Nilikuwa nasema, sasa ataniita, atanituma jikoni, anitoe hapa. Siku zote unanituma. Siku hiyo moja nataka kutumwa, hukunituma."

Kwa mara ya kwanza katika jambo hili sikutafuta kisingizio. Nilivua koti nikalitundika kwenye mti wa kibanda. "Nipe kazi," nikamwambia. Akanitazama kutoka viatu hadi kichwa, akapima, na najua alipata kipimo sawa, maana jicho lake halijawahi kukosea. Akanisukumia debe nikalie na ungo wa mbaazi za sufuria ya jioni. "Toa mawe," akasema. "Na uangalie vizuri. Wageni wangu hawavunji meno."

Nikaketi, nikachambua. Mawe yalikuwa mengi kuliko nilivyotarajia, madogo, rangi moja na mbaazi, huyaoni mpaka uguse. Upande wa pili wa nyumba mpiga picha alikuwa akiwapanga walimu wa zamani karibu na kaburi, na nilimsikia mwalimu wa useremala, mzee sasa, sauti ile ile, akihesabu vichwa. Akahesabu tena. "Tulikuja saba," akasema. "Mbona tuko sita? Mutua yuko wapi?" Mtu akasema, "Huyo? Atakuwa ameshaenda kwake." Wakacheka. Ndinda aliacha kukoroga, akaniangalia, akingoja kama nitaitika. Niliinamisha kichwa juu ya ungo. Picha ikapigwa.

Nilifika nyumbani usiku, mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Mueni alikuwa barazani, kwenye kiti changu. Alininusa koti. "Moshi," akasema. "Walikufanya mpishi?"

"La," nikamwambia. "Nilitumwa tu."